Tundu la Dharura kwenye Tangi la Kioo: Uchambuzi wa Kisa cha Mgahawa Mmoja wa Mikindani

Mgahawa unaohusika katika kisa hiki uko Mikindani, mkoani Mtwara, upande wa ghuba, na huuza samaki pamoja na kamba kochi walio hai ambao mteja hujichagulia mwenyewe kabla hawajapelekwa jikoni. Kamba hao hununuliwa kwa wapiga mbizi wa Msimbati na wa Mikindani penyewe. Kwa kuwa wakati wa kusi bahari huchafuka na wapiga mbizi hushindwa kutoka kwa siku kadhaa mfululizo, mwenye mgahawa hulazimika kuweka akiba ya kamba wa kutosha, na akiba hiyo hukaa ndani ya tangi la kioo lililosimama ukumbini, mahali ambapo kila anayeingia huliona.

Tangi hilo lina urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 56 kwa vipimo vya ndani, na vioo vyake vyote vina unene wa milimita 12. Maji hujazwa hadi kina cha sentimita 50, yaani lita 450, na sentimita 6 za juu huachwa wazi. Ndani ya kabati lililo chini yake kuna tangi dogo la sentimita 90 kwa 45 kwa 40, ambamo hukaa kichujio na pampu. Pampu husukuma maji kwenda juu. Maji yanayozidi huingia katika elbo (kiungo cha bomba kilichopinda) iliyoelekezwa juu, hupenya tundu moja lililotobolewa kwenye kioo cha mgongo, kisha huteremka kwa bomba la inchi moja hadi tangi la chini. Mpango huu ni mzuri na hutumika kila mahali, lakini una sharti moja lisilokuwa na mbadala: kila lita inayopanda ni lazima ipate njia ya kushuka.

Usiku mmoja wa kipindi cha kusi njia hiyo iliziba. Kamba mmoja alikuwa amejivua gamba, jambo la kawaida kabisa kwa kiumbe huyo, na kipande cha gamba pamoja na majani ya mwani vilivutwa na mkondo hadi mdomoni mwa elbo, ambayo haikuwa na chujio. Asubuhi wafanyakazi walikuta sakafu imelowa maji ya chumvi, soketi ya umeme iliyokuwa imelazwa chini kabatini imeponea chupuchupu, pampu imeungua na kamba kadhaa wamekufa. Ajabu kwao ilikuwa kwamba tangi la juu lilikuwa limejaa hadi ukingoni, kwa hiyo hapana aliyeweza kudai kwamba kamba walikosa maji.

Kamba hawakukosa maji, walikosa mzunguko. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 28, ambayo ndiyo hali ya kawaida katika pwani ya Mtwara, yakiwa yameshiba hewa hubeba takriban miligramu 6 tu za oksijeni kwa kila lita, na kamba waliobanana huimaliza akiba hiyo upesi pale ambapo maji hayadondoki tena wala kuchanganyika na hewa. Kuungua kwa pampu nako kulikuwa na sababu iliyo wazi. Pampu iliendelea kuvuta maji yasiyorudi, ikalikausha tangi la chini hadi usawa wa mdomo wake, kisha ikazunguka katika hewa bila kupozwa mpaka koili yake ikaharibika.

Swali lililohitaji hesabu lilikuwa la maji ya sakafuni: yalitoka wapi, na kwa kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi huruka hatua na kukimbilia drili, ilhali karatasi moja na kalamu zingeonyesha mengi. Tangi la juu lina eneo la sentimita za mraba 9,000, hivyo kila sentimita moja ya kina ni lita 9, na zile sentimita 6 zilizoachwa wazi zinaweza kupokea lita 54 kabla ya tone la kwanza kumwagika. Tangi la chini lina eneo la sentimita za mraba 4,050, yaani lita 4 na kidogo kwa kila sentimita, na pampu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini ya sentimita 6. Siku ya tukio mfanyakazi alikuwa amelijaza tangi la chini hadi sentimita 26, akiamini kwamba maji mengi ni usalama. Toa 6 katika 26, zinabaki sentimita 20, ambazo ni lita 81 zilizokuwa tayari kupandishwa. Toa lita 54 ambazo tangi la juu lingeweza kuzimeza, na jibu ni lita 27 sakafuni, zaidi ya ndoo moja kubwa. Kama maji ya tangi la chini yangekuwa sentimita 19 badala ya 26, kuziba kule kule kusingemwaga hata kikombe.

Ninalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha maana ya kazi nzima ya kutoboa tundu la dharura, yaani tundu la pili la kushushia maji. Iwapo lengo ni sakafu isilowe, mstari uliochorwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo cha tangi la chini ungetosha, na hakuna haja ya kutoboa chochote. Lakini mstari huo haumwokoi kamba wala pampu, kwa kuwa mzunguko ungekatika vilevile na pampu ingekauka vilevile. Tundu la pili linahitajika ili maji yaendelee kuzunguka hata njia ya kwanza ikiziba usiku wa manane wakati hakuna mtu. Kwa hiyo vyote viwili vinatakiwa, na kila kimoja kina kazi yake.

Nilipoitwa kutoa maoni, mapendekezo matatu yalikuwa yamekwisha kutolewa na mafundi waliopita pale, na yote matatu yalihitaji kujibiwa kabla ya kazi kuanza.

La kwanza lilikuwa kulipanua tundu lililopo ili liingie bomba la inchi moja na nusu. Pendekezo hili linachukulia kwamba bomba la zamani lilikuwa dogo, jambo ambalo si kweli. Bomba la inchi moja lililojaa maji bila hewa, lenye mteremko wa sentimita 70 hivi, hupitisha karibu lita 3,000 kwa saa. Pampu ya mgahawa ilikuwa na maandishi ya lita 3,000 kwa saa, lakini maandishi ya pampu huhesabiwa pasipo kupandisha maji popote. Pampu mpya ya aina ile ile ilipowekwa na mdomo wa bomba lake kuelekezwa kwenye ndoo ya lita 20 kwa urefu halisi wa kazi, ndoo ilijaa kwa sekunde 36, ambazo ni lita 2,000 kwa saa. Bomba lilikuwa na nafasi ya kutosha. Zaidi ya hayo, biti ya almasi (kichwa cha drili cha kutobolea kioo) yenye umbo la kikombe haina ncha ya katikati, na ikipelekwa kwenye tundu ambalo tayari lipo haina pa kushika. Huteleza, hugonga ukingo na huumega. Na hata kama ingefanikiwa, njia moja pana bado ni njia moja.

La pili lilikuwa kuacha bomba la zamani lilivyo, kutoboa tundu jipya kando yake, kisha kuunganisha mabomba yote mawili kwa tii, yaani kiungo chenye umbo la herufi T, nyuma ya tangi ili kuokoa gharama ya bomba la kushukia. Kosa hili nimeliona kwenye matangi mengi. Kitu chochote kitakachopita elbo na kukwama chini ya tii kitaziba njia zote mbili kwa pamoja, na mwenye tangi atakuwa amedhoofisha kioo bure. Njia ya dharura ni lazima iwe na tundu lake, bomba lake na mdomo wake wa mwisho ndani ya tangi la chini, pasipo koki na pasipo kukutana na mwenzake mahali popote.

La tatu, ambalo mwenye mgahawa mwenyewe alilipenda, lilikuwa kutoboa kioo cha chini. Sababu yake ilieleweka: bomba lingeshuka moja kwa moja kabatini na nyuma ya tangi kusingeonekana kitu. Pingamizi la kwanza ni la mpangilio. Tundu lililo sentimita chache chini ya ukingo wa kioo cha mgongo likivuja, hupoteza maji yaliyo juu yake tu. Tundu la sakafu likivuja, hupoteza lita zote 450. Pingamizi la pili lilikuwa la kioo chenyewe, na hilo ndilo lililomaliza mjadala.

Kioo cha tempa, yaani kioo kilichoimarishwa kwa joto, hakitobolewi. Hutengenezwa kwa kupashwa moto hadi nyuzijoto zaidi ya 600 kisha kupozwa ghafla kwa hewa, ili nyuso zake zibaki zimejikaza na tumbo lake libaki linavutwa. Mkazo huo ndio unaokipa nguvu, na mkazo huo huo ndio unaokifanya kipasuke chote kwa pamoja, vipande vidogo vidogo, mara tu biti inapopenya tabaka la juu. Fundi mmoja wa milango na madirisha ya aluminiamu alipinga jambo hili kwa nguvu, akasema kwamba yeye hufunga milango ya kioo cha tempa yenye matundu ya vitasa kila mwezi. Ni kweli kwamba milango hiyo ina matundu, ila matundu hayo hutobolewa kiwandani kabla kioo hakijaingia katika tanuri. Baada ya tanuri hakuna wa kukigusa.

Kwa tangi la zamani ambalo muhuri wa kiwanda umefichwa na silikoni au umekwanguliwa, kipimo kinachopatikana bila gharama kubwa ni cha miwani ya jua ya polaroidi na kompyuta ya mkononi. Kompyuta huwekwa upande mmoja wa kioo ikiwa imefungua ukurasa mweupe, na mtazamaji hukaa upande wa pili akiwa na miwani machoni, kisha huinamisha kichwa polepole kuelekea begani mpaka mwanga wa skrini unafifia. Kioo cha kawaida hakionyeshi chochote. Kioo cha tempa huonyesha madoa au michirizi myeusi iliyopangika, ambayo ni alama za mkazo uliobaki ndani yake. Kabla ya kuyaamini majibu hayo, miwani yenyewe inafaa kujaribiwa kwenye kitu kinachojulikana, na dirisha la pembeni la gari dogo hufaa sana, kwa kuwa madirisha hayo kwa kawaida ni ya tempa. Pale Mikindani ilitumika teksi iliyokuwa imeegeshwa nje, na dereva wake alishangaa kuona dirisha lake lina madoa kama ya chui.

Tangi lilipopimwa, kioo cha mgongo, cha mbele na vya pembeni havikuonyesha alama yoyote. Kioo cha chini kilijaa michirizi kutoka pembe hadi pembe. Mwenye mgahawa akakumbuka kwamba fundi aliyelitengeneza tangi alikuwa ametumia kioo cha mlango wa duka kilichokatiwa nafasi ambayo baadaye haikujengwa, akaona amebahatika kupata kioo kigumu kwa sakafu ya tangi. Kwa sakafu ya tangi ni kioo kizuri kweli. Kwa drili, kingeishia kokoto.

Baada ya kukubaliana kwamba tundu litakuwa kwenye kioo cha mgongo, kilichofuata kilikuwa kununua tenki konekta, yaani kiungo cha kupitishia bomba kwenye ukuta wa tangi, na mpangilio huu wa manunuzi si jambo dogo. Mwenye mgahawa alikuwa ameshapata mtu wa kumletea biti kutoka Kariakoo kwa basi la usiku, na akauliza, «Fundi, nimwambie alete ya inchi moja?» Jibu lilikuwa, «Hapana, mama, subiri kwanza tuipime konekta yenyewe.» Inchi moja ya fundi bomba ni jina la bomba, wala si kipimo cha tundu. Uzi wa nje wa tenki konekta iliyonunuliwa pale Mtwara mjini ulipopimwa kwa kalipa ulikuwa milimita 33 na nukta chache, kwa hiyo biti iliyohitajika ilikuwa ya milimita 35, inayoacha nafasi ndogo ya konekta kuingia bila kulazimishwa. Biti ya milimita 25 ingetoa tundu lisilofaa kitu, na kama ilivyosemwa, tundu la kioo halipanuliwi. Kwa upande mwingine, zipo konekta za plastiki nene zenye jina hilo hilo la inchi moja ambazo hutaka tundu la milimita 45. Hakuna njia ya kujua ila kupima ile iliyo mkononi. Ikumbukwe pia kwamba konekta za shaba, ambazo maduka ya vifaa vya ujenzi huziuza kwa sifa ya kudumu, hazifai kabisa hapa, kwa kuwa shaba ikiyeyuka katika maji ya chumvi ni sumu kwa kamba na kaa hata ikiwa kidogo.

Mahali pa tundu palichaguliwa kwa kanuni ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo wameizoea: kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kioo, au kati ya tundu moja na jingine, pabaki angalau upana wa tundu lenyewe. Sababu ni kwamba tundu hukusanya mkazo. Katika bamba linalovutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la duara hufikia mara tatu ya ule ulio mbali nalo, na matundu mawili yakikaribiana maeneo hayo ya mkazo huungana. Fundi aliyetaka tundu jipya liwe sentimita 4 kutoka katikati ya lile la zamani angebakiza ukanda wa kioo wa nusu sentimita. Katikati ya tundu jipya iliwekwa sentimita 15 kutoka katikati ya lile la zamani na sentimita 9 chini ya ukingo wa juu, ili spana ipate nafasi ya kuzunguka na ili elbo ya dharura ikiwa imefungwa mdomo wake ukae sentimita 4 chini ya ukingo, yaani sentimita 2 juu ya usawa wa kawaida wa maji. Tofauti hiyo ya sentimita 2 ndiyo inayoifanya njia ya dharura ibaki kavu siku zote ambazo njia kuu inafanya kazi.

Tangi lilimwagwa maji, kamba wakahamishiwa kwenye mapipa yenye pampu ya hewa, na kioo kikaoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpaka chumvi yote ikatoka. Vioo peke yake vina uzito wa karibu kilo 100, kwa hiyo wanaume wanne walilibeba na kulilaza kifudifudi juu ya godoro, kioo cha mbele kikiwa chini na cha mgongo kikitazama juu. Ubaya wa kulilaza hivyo ni kwamba kipande cha kioo kitakachokatika kitaanguka nusu mita na kutua juu ya kioo cha mbele. Ndiyo maana upande wa ndani wa eneo la kutobolea ulibandikwa tabaka kadhaa za selotepu ya karatasi, na chini yake likatandikwa taulo lililokunjwa. Uzuri wake ni mkubwa zaidi: kioo kikiwa kimelala, maji ya kupoza yanatuama pale yanapotakiwa.

Bwawa dogo la maji lilijengwa kwa pati ya madirisha, ile ile ambayo mafundi hutumia kushikia vioo kwenye fremu za mbao, ikizungushwa kama ukuta wa kimo cha sentimita 2 kuzunguka alama ya tundu. Kwa kuwa biti haina ncha ya kuishika mahali, kipande cha ubao kilichotobolewa kwa biti hiyo hiyo kilibanwa juu ya kioo kiwe mwongozo mpaka mfereji wa mwanzo ulipochongeka, kisha kikaondolewa ili maji yaingie vizuri. Drili ilikuwa ya chaji, wala si ya waya, kwa sababu isiyohitaji maelezo marefu pale ambapo mikono na kioo vimelowa. Swichi ya kupiga nyundo ilihakikishwa kuwa imezimwa kabla drili haijakaribia kioo, kwani drili nyingi zinazouzwa madukani ni za kutobolea zege na mpigo mmoja tu ungemaliza kazi yote.

Biti ya almasi haikati kioo kama msumeno unavyokata ubao; inakisaga. Chembe za almasi zilizobandikwa kwenye mdomo wake huparua kioo kuwa unga, na unga huo usipooshwa hugeuka kizuizi kinachopandisha joto, na joto la sehemu moja ndogo ndilo linalopasua kioo. Kasi iliyotumika ilikuwa ya chini, kati ya mizunguko 400 na 700 kwa dakika, na uzito uliowekwa ulikuwa ule wa drili yenyewe bila mkono kukandamiza. Maji ya bwawa yalianza kuwa meupe kama tui mara tu biti ilipogusa kioo, na weupe huo ni dalili njema. Kila yalipozidi kuwa mazito, drili ilinyanyuliwa, maji yakabadilishwa na unga ukafutwa. Sauti nayo ni ya kusikilizwa: msago wa sawasawa na wa chini unamaanisha mambo ni salama, na mlio mkali wa juu unamaanisha biti imekauka au mkono umezidisha nguvu. Kwa kioo cha milimita 12 kazi kama hii huchukua dakika 10 hadi 20, na anayeimaliza kwa dakika tatu kwa kawaida huimaliza na ufa.

Sehemu ya hatari ni milimita ya mwisho. Biti ikikaribia kutokeza upande wa pili, ukuta uliobaki huwa mwembamba kiasi kwamba uzito wa drili peke yake waweza kuusukuma na kumegua kipande kikubwa kutoka uso wa ndani. Hapo drili ilishikiliwa juu kwa mikono miwili, ikiachwa kugusa tu. Kipande cha duara kilibaki kimenata kwenye selotepu. Ukingo wa ndani ulikuwa na mamego madogo yasiyozidi milimita moja, ambayo hayakwepeki kwa mkono wa kawaida. Yalisuguliwa kwa msasa wa maji mpaka ukingo wote ukawa laini kwa kidole. Si pambo hilo. Ufa wa kioo huanzia kwenye mego kali, hivyo kusugua ukingo ni sehemu ya kutoboa.

Kufunga konekta hakuna mengi. Raba moja hukaa upande wa ndani, kati ya bega la konekta na kioo, na nati hufungwa kwa nje. Inakazwa kwa mkono mpaka ikatae, kisha robo mzunguko kwa spana na basi. Mafundi bomba waliozoea matangi ya plastiki huona raba imebonyea kidogo wakadhani bado, nao huendelea kukaza mpaka kioo kinalia. Silikoni haikupakwa kwenye raba, kwa kuwa konekta iliyofungwa ipasavyo haihitaji, na iliyopakwa huwa shida kuifungua siku raba itakapochoka.

Bomba la dharura lilishushwa peke yake hadi kabatini na mdomo wake ukaachwa sentimita kadhaa juu ya maji ya tangi la chini, kwa makusudi. Bomba kuu limezamishwa ili lisipige kelele. La dharura limeachwa lipige kelele, ili maji yakipita humo mfanyakazi aliye ukumbini asikie yanavyoanguka na ajue kwamba njia kuu imeziba. Elbo ya njia kuu ilivalishwa chujio la plastiki. Ile ya dharura haikuvalishwa chochote, kwa kuwa mdomo wake hauna mkondo unaovuta takataka wakati wa kawaida, na chujio lenyewe lingekuwa kitu cha kuziba.

Jaribio la mwisho lilifanywa kwa maji tu, kabla kamba hawajarudishwa. Pampu ikiwa inafanya kazi, kiganja kilizibishwa juu ya elbo kuu. Maji yalipanda hadi mdomo wa dharura, yakaendelea kupanda sentimita mbili na nusu hivi huku yakianza kuteremka kwa kishindo, kisha yakatulia yakiwa na sentimita moja na nusu iliyobaki hadi ukingoni. Nafasi hiyo inatosha kwa lita 2,000 kwa saa, lakini si kubwa, na mwenye mgahawa alielezwa waziwazi kwamba pampu yenye nguvu zaidi isifungwe bila kurudia jaribio hili.

Kupanda huko kwa sentimita 4 na nusu ni lita 40 zilizotoka tangi la chini, sawa na sentimita 10 za kina chake, na hapo ndipo hesabu ya mwanzo inapokutana na tundu jipya. Ili pampu isikauke wakati wa dharura, tangi la chini lianze na sentimita zisizopungua 16. Ili sakafu isilowe hata njia zote mbili zikiziba, lisizidi 19. Mistari miwili ilichorwa kwenye kioo chake kwa vipimo hivyo. Maji yanayopungua kati ya mistari hiyo huwa yamekwenda kwa mvuke, na mvuke hauchukui chumvi, kwa hiyo yanayoongezwa ni maji baridi, wala si ndoo ya baharini kama ilivyokuwa desturi ya pale.

Baada ya kazi kukamilika, mwenye mgahawa alitaka jambo moja la ziada: bomba la kurudishia maji juu lirefushwe hadi lizame sentimita 12 ndani ya tangi, ili lisirushe matone kwenye kioo cha mbele. Umeme ukikatika, bomba lililozama hivyo hugeuka mfereji wa kunyonya maji kurudi chini kupitia pampu iliyosimama, nalo halikomi mpaka mdomo wake utoke hewani. Sentimita 12 ni lita 108. Tangi la chini likiwa na lita 77 kwenye mstari wa juu lingetakiwa kubeba 185, ilhali uwezo wake wote ni lita 162. Bomba lilirefushwa kama alivyotaka, na likatobolewa tundu la milimita 5 kwenye plastiki yake sentimita moja chini ya usawa wa maji, ili hewa iingie mapema na mnyonyo ukatike. Tundu hilo huzibwa na chumvi na ukoga upesi kuliko mengine yote, kwa hiyo mfanyakazi anayelisha kamba jioni hupewa pia kijiti cha kulizibulia.